Mstari Uliopanda Jumapili

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia zahanati kumsubiri shangazi yake, mfamasia. Alifanyia kazi zake za shule kwenye meza ya stoo ya dawa, kando ya kompyuta kuukuu, huku akimsimulia shangazi kila kilichotokea darasani. Ndiyo maana wakamwita Chiriku.

Wiki ile hakuna aliyesikiliza habari za darasani. Chanjo za watoto zilikuwa zimeharibiwa na joto ndani ya friji, zikatupwa, na akina mama wakarudishwa nyumbani na watoto wao mgongoni. Wauguzi walinong'ona, wakanyamaza mtu akiingia. Shangazi alianza kutembea na ufunguo wa stoo mfukoni. Macho yote yalikuwa kwa mama wa usafi, na Chiriku ndiye aliyeyachochea. Alisema alimwona akifungua friji na kutoka na chupa ya maji baridi. Chupa aliiona kweli. La friji alilijazia mwenyewe.

Mama wa usafi alikana. Daktari mkuu akasema kama hakuna maelezo mengine, ataachishwa kazi.

Ndani ya friji kulikuwa na kipimajoto kidogo kinachojiandikia joto usiku na mchana. Shangazi alihamishia kumbukumbu zake kwenye kompyuta, zikawa tarakimu tupu, mistari kwa maelfu. Chiriku akaomba azichoree grafu, akiwa na hakika zitamuumbua mama wa usafi.

Alichagua programu kubwa kuliko zote alizozijua, yenye picha zinazozunguka na rangi za kila namna. Kompyuta ikanguruma, ikaganda. Akaizima na kuiwasha, ikaganda tena.

"Unataka kujua nini hasa?" shangazi akamuuliza.

"Joto lilipanda lini."

"Sasa hizo rangi zote za nini?"

Chiriku akakumbuka kiprogramu walichotumia shuleni kuchora vipimo vya mvua. Kilijua kusoma tarakimu na kuchora mstari, basi. Akakipa saa na joto, mengine akayaacha. Mstari ukatokea kabla hajakaa sawa kitini.

Mwanzoni ulikuwa umenyooka. Kisha, tangu mwezi ulipoanza, ulipanda kila alasiri na kushuka jioni. Jumapili ulipanda kuliko siku zote. Siku hiyo zahanati hufungwa, milango na madirisha, na mama wa usafi huwa kwake.

Chiriku alitamani kuufuta mstari ule. Lakini alimwita shangazi, akamwonyesha. Shangazi akageuka kuitazama friji. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani, likiipiga mgongoni. Aliigusa, akaondoa mkono haraka.

"Ni mimi niliyeisogeza hapa," alisema polepole, "kabati jipya lilipoletwa mwanzoni mwa mwezi."

Friji ilihamishwa saa ile ile. Shangazi alimweleza daktari mkuu, kisha yeye na Chiriku wakamfuata mama wa usafi uani, alikokuwa akikamua tambara. Shangazi akamwomba radhi. Chiriku naye akakiri kwamba hakumwona akifungua friji.

Mama wa usafi aliweka tambara chini. "Maji yale huja nayo kutoka nyumbani, mwanangu," alisema. "Ungeniuliza tu, ningekwambia."

Wakirudi nyumbani, safari hii si Chiriku aliyeanza kuzungumza. Shangazi ndiye aliyeanza.

"Mimi na wewe tulikuwa na jibu kabla ya kuuliza. Siku nyingine anza na swali, halafu tafuta kifaa kinacholitosha, hata kiwe kidogo. Na kikikuonyesha usichopenda kukiona, fanya kama leo. Niite."