Uji wa Mama

Kila alasiri akitoka shuleni, Kavata wa darasa la sita alikuta themosi ya uji mlangoni pao, mtaa wa Kiuu mjini Ruiru. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu wamzike Mulei, mdogo wake mchanga. Mama yake alikuwa hatoki kitandani, na wanawake wenzake wa chama cha akiba walikuwa wakimpikia kwa zamu. Themosi ikirudi tupu, walijua mgonjwa anapata nafuu.

Mgonjwa hakuwa akinywa. Mama alilala akitazama ukuta, shali ya Mulei kifuani. Basi Kavata, kwa moyo wa kujitolea usio na kifani, alijitwika mzigo mzito wa kuumaliza uji ule wenye sukari na maziwa. Angefanyaje? Jentrix wa darasani mwao alikuwa ameapa kwamba wanaonyamaza hivyo ni vichaa, na hufungiwa. Ndiyo maana Kavata aliwaambia watu kwamba ni malaria.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza Mama Nzioki, mwenyekiti wa chama.

"Malaria imepungua. Amelala, lakini uji amemaliza."

"Bwana asifiwe! Na wewe, mbona mashavu yamejaa hivyo?"

"Ni hewa ya Ruiru, mama."

Jumamosi, Kavata alipokuwa akimnawisha mama yake mikono, bangili iliteleza ikatumbukia karaini. Mkono ulikuwa umebaki mfupa.

"Ichukue uvae wewe," Mama alisema polepole. "Mimi natamani nilale tu, nisiamke tena."

Kavata aliinyakua themosi ya siku hiyo, akakimbia hadi kwa Mama Nzioki.

"Mbona imejaa?"

"Zote zilikuwa zimejaa." Safari hii hakuwa na mzaha hata mmoja. "Nilikuwa nakunywa mimi. Mama anasema hataki kuamka tena. Tafadhali, msimfungie!"

Mama Nzioki hakumgombeza. Alivua aproni, akamwita jirani, na mchana huohuo walimfikisha Mama hospitalini Thika. Daktari aliwaambia ni ugonjwa wa huzuni, una matibabu, lakini utachukua muda.

Siku ya kumtembelea, Kavata alitoka wodini akilia, themosi karibu imejaa.

"Amekunywa vijiko vitatu," alisema. "Vitatu tu. Halafu akaniuliza kama nimekula."

Mama Nzioki alimkumbatia, naye machozi yakimtoka.

"Vitatu vya kweli vinatosha leo, mwanangu. Sisi watu wazima tuliridhika na themosi tupu, hatukuingia kumwona. Moyo huugua kama tumbo linavyougua, na si aibu. Ukimwona mtu hivyo, mwambie mkubwa siku hiyohiyo. Asipokusikia, mwambie mwingine."