Kufuli la Mashine ya Katikati

Asubuhi ilikuwa ya kawaida kabisa. Mke wa Hakikisha alichemsha chai, akafagia, akafunga mlango kwa kufuli, akaenda zake kazini kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka, pale nyuma ya mtaa wetu. Kazi yake ilikuwa kufanya usafi katika chumba cha swichi. Alipewa kazi hiyo baada ya mumewe kufia bwawani, kama kifuta machozi.

Mumewe alikuwa fundi wa mashine za kupiga maji. Zilikuwa tatu, mota juu na mapanga chini, zikiyarusha maji machafu juu ili yapate hewa na vijidudu vinavyokula uchafu visife. Matambara yakinasa kwenye mapanga, fundi huzima mashine, hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, hutia ufunguo mfukoni, ndipo anapopita daraja jembamba la chuma kwenda kuyakata. Aliyefunga ndiye anayefungua, na hafungui mpaka awe ametoka. Sheria hiyo marehemu aliishika kwa meno. Wenzake wakambandika jina Hakikisha, wakamtania kuwa hata chooni haingii bila kufuli. Kufuli lake alikuwa amelitia doa jekundu kwa rangi ya kucha ya mkewe, lisije likachanganywa na ya watu.

Siku aliyokufa, kufuli la nyumba liligoma kwa kutu. Mkewe akamwomba lake. Alilichomoa kwenye mkanda, akampa pamoja na ufunguo.

"Leo nitawaambia wenzangu kwa mdomo tu, mke wangu."

Akawaambia. Zamu ikabadilika, aliyeingia hakuambiwa, akawasha mashine marehemu akiwa bado darajani, ikamvuta majini. Maji yanayopigwa namna ile hujaa mapovu matupu, hayambebi mtu hata akiwa mwogeleaji hodari. Alizikwa bila mkewe kuruhusiwa kumtazama. Tangu hapo mwanamke yule alifunga mlango wake kwa kufuli lile lile, na kila akizungusha ufunguo moyo ulimchoma. Watu walimwambia si kosa lake. Aliwaitikia tu, hakuwaamini.

Basi siku hiyo ninayoisema, mchana, alirudi nyumbani kula. Mlango ulikuwa umerudishwa, lakini komeo lilining'inia tupu. Kufuli halikuwepo.

Akajua ni wezi. Aliingia akapekua kila kitu, redio ipo, sufuria zipo, nguo zipo. Ufunguo alikuwa nao mwenyewe, umefungwa kwenye pindo la kanga. Aliporudi kizingitini ndipo alipoona maji. Yalikuwa ndiyo kwanza yamedondoka. Akachovya kidole, akanusa. Harufu aliijua, ndiyo aliyokuwa akiifua kwenye nguo za mumewe miaka yote ya ndoa yao.

Matone yalitoka mlangoni, yakafuata uchochoro, yakaelekea mabwawani.

Akayafuata. Mwanzo alitembea. Kisha akakimbia.

Jua lilikuwa kali, lakini matone hayakukauka. Mbele yake alisikia mashine. Ya kwanza inanguruma. Ya tatu inanguruma. Ya katikati, kimya.

Matone yaliishia chumba cha swichi. Msimamizi aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia zamu alikuwa amesimama mbele ya swichi ya katikati, anaivuta, haivutiki.

"Nani kafunga hii? Mbona sijaambiwa kitu?"

Kufuli lilining'inia pale. Lilikuwa na doa jekundu. Lilikuwa linachuruzika maji.

Mwanamke aligeuka dirishani. Kule kwenye daraja, shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye naye ni fundi, alikuwa amelala kifudifudi. Mikono yake yote miwili ilikuwa chini, katikati ya mapanga.

Alikaa sakafuni, akasubiri. Shemeji alipoingia na matambara yake, aliona nyuso zao, kisha akaona kufuli.

"Mimi sikufunga, shemeji," alinong'ona. "Langu nimelisahau nyumbani. Nilimwambia yule wa zamu iliyotoka, nikaona inatosha."

Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi:

"Kumbe hukuwa wewe? Kuna mtu alisimama nyuma yangu muda wote. Nilisikia maji yakimtiririka. Nikadhani wewe umekuja kudeki daraja."

Msimamizi akajikohoza, akamwangalia mwanamke.

"Mama, hili si kufuli la marehemu? Ufunguo si unao wewe? Tufungulie basi, kazi iendelee."

Akafungua pindo la kanga. Akautia ufunguo, ukaingia vizuri. Akaanza kuuzungusha, halafu mkono wake ukasita. Machozi yakamtoka, yale aliyoyabana tangu siku ya maziko. Akauchomoa ufunguo taratibu.

"Siwezi," alisema. "Mwenyewe bado hajatoka."

Shemeji mtu akavua kofia.

Mashine ile haijawashwa tena. Walisimika nyingine pembeni yake, na swichi ya zamani imebaki na kufuli lake. Wapo waliowahi kutumwa kulikata kwa msumeno, wakafika mlangoni wakarudi. Mke wa Hakikisha bado anafagia pale. Kila asubuhi anakausha kidimbwi kilicho chini ya kufuli lile, na kesho yake anakikuta tena, kiangazi na masika.

Nyumbani kwake hafungi mlango siku hizi. Akilala anauegesha tu, na kila akiamka huangalia kizingiti kwanza. Kizingiti huwa kikavu.