Mtihani wa Pumzi

Kila siku ya likizo ile ilianza kwa namna moja. Mama alifungua madirisha yote mawili ya sebule, akakung'uta vumbi kwenye cherehani, akaketi na kuanza kushona barakoa. Binti yake wa miaka kumi na miwili alinawa mikono kwa sabuni, akanywa chai, kisha akashika mkasi. Kazi yake ilikuwa kukata mipira ya kuvalia masikioni, kila mmoja urefu wa kiganja cha mama. Nyumba nzima ilimwita Kamusi, kwa kuwa alitaka kujua maana ya kila kitu na alipenda kuwaeleza wengine hata kabla hawajamuuliza.

Ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka, ila haikufanana na nyingine. Maradhi yalikuwa yameenea mjini. Shule zilifungwa mapema, maduka yalifunguliwa nusu siku, na watu waliofahamiana miaka mingi walisalimiana kwa kupungiana mikono kila mmoja akiwa upande wake wa barabara. Baba, ambaye alikuwa dereva wa lori, alikwama mpakani akisubiri majibu ya kipimo. Na ile safari ya kwenda kwa babu na bibi, aliyoingoja Kamusi mwaka mzima, ilifutwa, ingawa wazee hao waliishi upande wa pili tu wa mji.

Kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, Kamusi alianza kuchunguza vilivyokuwa karibu. Aligundua kwamba mraba wa jua ulioingia dirishani ulichukua muda wa barakoa nne kutambaa kutoka mguu wa meza hadi ukutani. Aligundua kwamba jirani wa ghorofa ya juu alifanya mazoezi kwa kuzunguka chumbani akihesabu hatua kwa sauti, na kila alipofika mia tatu alisahau alikofikia, akaanza upya. Tena aligundua kwamba mama, kila alipotunga uzi kwenye sindano, alibana pumzi.

"Mama, mbona hupumui ukitunga uzi?"

"Nani hapumui?"

"Wewe. Nimekutazama mara sita."

Mama alicheka mpaka uzi ukamponyoka. "Mwanangu, likizo hii ikiendelea utaanza kunihesabia kope."

Lakini raha kubwa ya siku ilikuwa saa kumi alasiri. Saa hiyo simu iliwekwa mezani, sauti ikafunguliwa, na Saa ya Maajabu ikaanza. Kila nyumba ilileta jambo moja la ajabu ambalo nyumba nyingine haikulijua. Upande wa pili wa simu walikuwapo babu, bibi na mapacha. Mapacha hao, wa kike na wa kiume, walikuwa watoto wa mama mdogo, mdogo wake mama. Yeye alikuwa muuguzi na siku hizo alilala hukohuko hospitali, asije akawapelekea maradhi wanawe, aliowaacha kwa babu na bibi. Babu, fundi saa mstaafu, ndiye aliyekuwa mwamuzi, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Mapacha walikuwa na silaha: kabati la vitabu vya babu. Walimshinda Kamusi siku tano mfululizo. Walisema pweza ana mioyo mitatu. Walisema kipepeo huonja kwa miguu. Waliposema shingo ya twiga ina mifupa saba, sawa na ya binadamu, Kamusi alijipapasa shingo yake mwenyewe na kunung'unika kwa wivu. Yeye vitabu vyake vya shule alikwisha kuvikamua vyote, havikubaki na tone.

Siku ya sita, ilipobaki dakika kumi saa kumi ifike, hakuwa na kitu. Alizungusha macho chumbani. Mama alikuwa ameinamia sindano, kifua kimetulia kama kawaida yake. Hapo wazo likamjia Kamusi: je, mtu mwenye maradhi yale angeweza kubana pumzi namna hiyo? Si yanashambulia mapafu? Lilikuwa swali zuri sana. Kabla hajamuuliza mtu, mteja alibisha hodi na mama akatoka kumkabidhi barakoa zake. Mara simu nayo ikaita.

"Haya, nyumba ya cherehani," sauti ya babu ilinguruma, "leo mna nini, au mnatuletea visingizio tena?"

Mapacha walicheka kichinichini. Kamusi alisikia masikio yanawaka moto, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Mtu akibana pumzi akahesabu mpaka thelathini bila kukohoa, basi hana yale maradhi. Hata kipimo hakihitaji."

Kicheko kilikatika. "Umelipata wapi hilo?" aliuliza pacha wa kike.

"Wataalamu wamesema."

"Hilo ndilo jambo la maana!" babu alisema. "Si mapweza yenu. Leo ushindi umekwenda kwa Kamusi."

Kamusi alirukaruka peke yake sebuleni. Mama aliporudi na kuuliza kulikoni, alimjibu tu kwamba ameshinda. Lakini alipochukua tena mkasi, kitu kidogo kilimchoma moyoni. Akakisukuma kando, akaendelea kukata mipira.

Kesho yake babu alichelewa kuja kwenye simu. Alipokuja, sauti yake ilikwaruza.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akakohoa kikohozi kirefu. "Msinijali. Nina siku mbili na kikohozi hiki. Bibi yenu ananisumbua niende zahanati nikapimwe. Nimemwambia siendi popote! Nimeshafanya mtihani wa Kamusi. Nimeweka saa mbele yangu, nikabana pumzi, nikafika thelathini na tano."

Bibi alisikika kwa mbali. "Na joto la jana, je? Na chai uliyosema haina harufu?"

"Chai uliiweka majani machache," babu alimjibu mkewe. "Thelathini na tano, mama! Wataalamu wanajua zaidi yako."

Maneno yalikuwa palepale kwenye ncha ya ulimi wa Kamusi: Babu, nilijitungia. Aliwaza mapacha watakavyomcheka. Aliwaza jina lake litakavyogeuka kutoka Kamusi kuwa Mwongo, na jina la namna hiyo likishamganda mtu halitoki kwa sabuni. Siku hiyo hakuleta ajabu lolote. Alisema kichwa kinamuuma, jambo ambalo nalo halikuwa kweli.

Asubuhi aliiacha chai mezani. Alikaa karibu na mama, akasubiri cherehani inyamaze.

"Mama, mtu mwenye maradhi haya anaweza kubana pumzi?"

"Sijui, mwanangu. Kwa nini unauliza?"

"Basi tu."

Mama alimtazama juu ya miwani. Alimjua mtoto wake. Kwake hakuna swali la basi tu. Alichukua simu, akampigia mdogo wake, akamkabidhi Kamusi. "Muulize anayejua."

Mama mdogo alikuwa kwenye mapumziko mafupi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama usiku kucha. Alimsikiliza, kisha akajibu bila kusita. "Hapana. Hicho si kipimo hata kidogo. Mgonjwa anaweza kubana pumzi vizuri tu na maradhi yamo ndani. Na mwenye pumu anaweza kushindwa ilhali maradhi hayo hana. Kipimo ni kile kinachofanywa na wahudumu wa afya. Nani amekwambia hayo?"

"Nilisikia..." Kamusi alianza. Machozi yakaja kabla ya maneno. "Hakuna aliyeniambia, Mama Mdogo. Nilijitungia ili niwashinde mapacha. Na sasa Babu anakohoa, ana joto, hasikii harufu ya chai, na hataki kwenda kupimwa kwa sababu yangu."

Mama alimshika bega.

"Mpigie Babu sasa hivi," mama mdogo alisema. "Wewe mwenyewe. Mimi nikimwambia atasema wauguzi tuna maneno mengi. Mwambie ulivyoniambia mimi, usipunguze kitu. Mimi nitawaarifu zahanati kwamba anakuja."

Kamusi alikosea namba mara ya kwanza. Babu alipokea, akakohoa, akaitika.

"Babu, ule mtihani wa pumzi si wa kweli. Hakuna wataalamu waliosema. Niliutunga mimi. Tafadhali nenda kapimwe."

Alisikia pumzi za babu, fupifupi, zikifuatana haraka. Akajiandaa kugombezwa.

"Kumbe siku zote hizi natazama saa mbovu," babu alisema taratibu. Halafu akageuka na kumwita bibi, "Mama! Nitolee viatu vyangu."

Majibu yalipotoka, babu alikuwa na maradhi, na kiwango chake cha oksijeni kilikuwa kimeanza kushuka. Alilazwa siku hiyohiyo. Daktari alimwambia bibi kwamba wangechelewa siku nyingine mbili, mambo yangekuwa mazito zaidi. Bibi na mapacha walipimwa pia, wakaambiwa wakae ndani siku zilizopangwa. Pacha wa kiume alipata homa ya siku mbili, ikapita. Wengine walisalimika.

Siku tisa zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko likizo yote. Mraba wa jua ulitambaa ukutani bila Kamusi kuutazama. Saa kumi ilipofika, simu iliwekwa mezani, lakini ilikuwa ya kungoja habari tu: leo bado yuko kwenye oksijeni; leo amekunywa supu kidogo; leo amemgombeza muuguzi kwamba saa ya wodini imechelewa dakika nne. Mama aliposikia hilo la mwisho aliketi chini, akacheka na kulia kwa pamoja. "Basi anapona," alisema.

Siku ya kumi babu alirudi nyumbani. Mama mdogo alipewa siku moja ya mapumziko. Alifika mpaka uani kwa babu, akaketi kwenye kiti mbali na mlango, barakoa usoni, na simu ikafunguliwa sauti ili wote wasikie. Kamusi aliomba kuzungumza kwanza. Aliwaomba radhi babu, bibi na mapacha, mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka.

"Mimi nilidhani umetuzidi vitabu," alisema pacha wa kike kwa sauti ndogo. "Niliuliza umelipata wapi, halafu nikaogopa kuuliza tena."

"Hata mimi nina kosa langu," babu alisema. "Mtu mzima na mvi zangu, nilishika neno nililolipenda kwa sababu sikutaka kwenda zahanati."

Mama mdogo ndiye aliyezungumza mwisho. "Kamusi, nisikilize. Swali lako lilikuwa zuri. Hospitali nzima ingefurahi kuulizwa swali kama lile. Kosa ni kwamba ulilivika nguo za jibu, ukalitembeza mjini. Usiache kuuliza. Lakini usilolijua sema hujui, na ulilolisikia sema umelisikia wapi. Neno la uongo kuhusu afya linaweza kumlaza mtu kitandani. Na ulipogundua umekosea, ulisema. Ulichelewa siku moja, lakini ulisema, ndiyo maana Babu yuko hapa anatulalamikia."

"Silalamiki," babu alisema. "Nasema tu kwamba sabuni ya bibi yenu haina harufu."

"Mama Mdogo," Kamusi alidakia, hakuweza kujizuia, "kwa nini mgonjwa amepona lakini harufu hazijarudi? Zinakwenda wapi?"

Mama mdogo alifikiri kidogo. Wote walingoja, hata bibi akaacha kufagia.

"Sijui vizuri," alisema. "Nipe mpaka kesho, nikamuulize daktari."