Jina Ambalo Sekar Hakulitaja

"Kaka, hiyo diski ya kompyuta nimeishika mimi kwanza!"

"Ishike tu, dada. Ila ukifika nayo nyumbani usinililie. Imekufa hiyo, wameipaka rangi tu."

Ndivyo walivyoanza, katikati ya vurugu za soko la vifaa vya umeme la Glodok, Jakarta, kila kibanda kikifungulia spika zake. Sekar alikuwa kajitanda mtandio wa kijani, na shati la kiume lilimzidi mikono. Galih, mrefu, sare yake ya hospitali imepigwa pasi kali, alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana. Wakaishia kwenye bakuli za bakso, supu ya vidonge vya nyama, pilipili ikiwatoa machozi.

"Unafanya kazi gani, dada mbishi?"

"Mwandishi wa habari. Naandika habari za wizi wa mitandaoni. Wewe?"

"Nalinda kompyuta za hospitali."

"Mungu wangu! Basi tusijuane."

Wakajuana. Wakapendana, jamani, mapenzi yale ya kupigiana simu mchana kuulizana umekula nini. Ila walikubaliana: Sekar asiulize ya hospitali, na Galih asisimulie.

Gazeti la Sekar lilikuwa la mtandaoni, watu wachache tu juu ya duka la dobi. Halikuchukua tangazo la kampuni yoyote inayouza ulinzi wa kompyuta. Hata vikapu vya zawadi za Idi walivirudisha na biskuti zake. "Siku tukila biskuti zao," alisema mhariri, Mzee Tarmizi, "nani atatuamini tukisema mlango wao uko wazi?"

Mara moja tu Galih aliteleza. Alirudi kachoka, akalaza kichwa begani kwa Sekar. "Mpenzi, mafaili ya wagonjwa yako uchi mtandaoni. Nawaambia mabosi, wananiona nzi tu."

Sekar akamziba mdomo. "Sijasikia." Na kweli, hakuandika hata neno.

Kisha ukaingia ujumbe kwenye sanduku la siri la gazeti. Muuguzi mmoja wa hospitali ileile ya Galih alisema magonjwa ya watu, hata ya wenye virusi vya UKIMWI, yanasomeka na yeyote. Sekar alipompigia kuhakikisha, aliitambua sauti. Alikuwa Yuni, dada yake Galih.

"Sekar! Kumbe ni wewe?" Yuni akaanza kulia. "Usinitaje, nakuomba. Hata kwa Galih. Yule hawezi kuficha kitu, uso wake unasema wenyewe. Nikifukuzwa kazi wanangu watakula nini?"

Sekar akaahidi. Akamwendea mhariri. "Mzee, mlinzi wa hizo kompyuta ni mchumba wangu. Siwezi kuiandika hii."

"Basi naandika mimi. Na wewe usimtonye. Hospitali nitawapigia mimi, watoe maelezo yao, wazibe hilo tundu, ndipo tuchapishe."

Ndiyo ilikuwa kawaida yao, na safari hii pia haikuvunjwa. Tundu likazibwa, habari ikatoka, wagonjwa wakasitirika. Mabosi wakatafuta wa kubebeshwa lawama, wakamfukuza Galih.

Simu ya Sekar ikalia.

"Kumbe bega lako lina masikio?"

"Galih, si mimi."

"Nilimwambia nani mwingine? Mtaje!"

"Siwezi."

"Huwezi, au hayupo?" Akakata.

Angefanya nini, niambieni? Jina moja lingemrudishia mpenzi wake, na jina hilohilo lingemtupa Yuni barabarani. Alijifungia chooni ofisini, akafungulia bomba ili wenzake wasimsikie akilia.

Wiki zikapita, mapenzi yakamshinda Galih. Akapiga simu: "Njoo kwa dada Yuni Jumapili, tule mchana." Sekar alikwenda na gauni la batiki, wanja umemkaa vizuri. Galih alikuwa amekonda. Walipomaliza kula, akatoa pete ya marehemu mama yake, akaiweka mezani.

"Sitaki uniombe radhi. Nitajie tu aliyewapa habari, moyo wangu utulie, nikuoe mwezi huu huu. Naapa sitamgusa."

Yuni alikuwa amesimama na birika. Chai ilifurika kikombe, ikamwagikia kitambaa cha meza, naye haoni. Sekar akamtazama, akasubiri. Akasubiri tena. Uani watoto walikuwa wakigombania mpira. Yuni akainamisha macho.

"Siwezi, Galih."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Nakupenda mpaka naumwa, lakini hata wewe."

Galih akaichukua pete, akairudisha mfukoni taratibu, akingoja aitwe jina lake. Hakuitwa.

"Dada," alisema, "msindikize mgeni."

Getini Yuni alimkumbatia Sekar, akilia kwa sauti. "Nisamehe, wifi yangu. Nisamehe."

Sekar akamfuta machozi.

"Punguza sauti, dada," alisema. "Atakusikia."