Nyumba ya Chaani Iliyoshuka Polepole

Nafula alikuwa akitandika kitanda cha watoto vumbi la lipu lilipomwangukia mkononi. Ufa ulikuwa umefunguka tena juu ya dirisha. Fundi Changawa alikwisha kuuziba mara tatu.

Fundi mwenyewe alikuwa uani na Wafula, mumewe Nafula, wakipanga kumwaga zege la ghorofa.

"Juu ya watoto wangu?" Nafula aliuliza kupitia dirishani. "Na ukuta huu?"

"Huo ni ufa wa lipu tu, mama. Nyumba inakaa. Nimejenga Kisauni miaka mingi. Nyumba hukaa siku chache, ikatulia."

"Hii ina mwaka. Haijapata kiti?"

"Mama Brandon, fundi ni fundi," Wafula alisema.

"Basi alale yeye chumba hiki."

Nafula alimwita jirani yao Josephine, mpimaji wa udongo wa barabara. Josephine aliutazama ukuta, kisha akamgeukia fundi.

"Kule ulijenga juu ya mwamba wa matumbawe. Hapa Chaani ni udongo wa mfinyanzi, nao umeshika maji. Uzito wa nyumba huyakamua, lakini hutoka polepole, kwa miezi, hata miaka. Yanapotoka, udongo hubanana na nyumba hushuka. Pembe moja ikishuka zaidi, ukuta hupasuka. Lipu haizuii hilo."

"Tutajuaje yamekwisha?" Wafula aliuliza.

"Pimeni mwendo wa kushuka. Kila mwezi, kwa ule mpira wa maji wa fundi wa kupimia usawa, linganisheni alama za pembe za nyumba na alama ya mahali pasiposhuka. Mwezi huu ikishuka pungufu ya mwezi uliopita, udongo unaelekea kutulia. Mkiongeza ghorofa, mmeongeza uzito. Kushuka kutaanza upya."

Nafula alimtazama mumewe. "Kwa hiyo mlitaka kuutwika mzigo udongo unaoshuka, juu ya vichwa vya watoto, bila kupima chochote."

Wafula alimwomba fundi mpira wa kupimia.

Zege liliahirishwa. Watoto walihamia sebuleni. Wafula na Changawa walipima kila mwezi. Mwanzoni pembe ya nyuma ilishuka unene wa sarafu mbili, kisha moja, kisha nusu yake. Mwishowe alama haikusogea. Hapo ndipo ufa ulipozibwa. Masika yalipita, haukufunguka.

"Waona, mama, lipu yangu imeshika," alisema Changawa.

"Lipu ni ileile, fundi. Safari hii mlipima."

Wafula alipoitaja tena ghorofa, Nafula alimtaka kwanza apimishe udongo na msingi. Watoto walirudi chumbani mwao.