Zawadi kwa Mwalimu Masalu

Ndugu zangu wa Nyakato, nyumba ya mzee Ponsian mnaijua, ile yenye migomba mitatu uani. Ilikuwa nyumba ya amani. Jumapili mkewe Felicitas akimenya ndizi, Ponsian alitusimulia jinsi binti yao Kokulinda anavyosoma chuo, mwaka wa pili. Alitusimulia hata sisi ambao hatukuuliza.

Novemba ya mwaka 1998, senene, wale panzi watamu wa kukaanga, walipoletwa kutoka Bukoba, Ponsian alijaza kopo zima. Sisi Wahaya, senene humpa mtu tunayemheshimu.

"Mpelekee Mwalimu Masalu," alimwambia binti. "Mwambie baba amekukabidhi kwake, akuangalie kama mwanawe."

Kokulinda alitazama chini. "Baba, nitampa chuoni."

"Zawadi haipelekwi ofisini. Nenda nyumbani kwake Kiseke."

Binti hakuthubutu kubisha. Angeanzaje kumwambia baba yake kwamba Masalu amezuia maksi zake miezi miwili, na kwamba amemtaka azifuate huko huko Kiseke, peke yake? Alikwenda mchana ule.

Masalu alipokea kopo na salamu za baba, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

"Kumbe wazazi wamekuleta wenyewe," alisema taratibu. "Sasa unaogopa nini?"

Hapa hata mimi msimuliaji moyo unanienda mbio. Kokulinda alirudi nyuma mpaka ukutani. Mkono wa yule bwana ulipomshika begani alipiga kelele kwa nguvu zake zote. Jirani mmoja, mama Paskazia, aliyekuwa akianika dagaa nje, alikuja akagonga mlango na kukataa kuondoka mpaka ukafunguliwa.

Binti alifika nyumbani na kiatu kimoja. Alipomaliza kumweleza mama yake, Ponsian aliyekuwa akisikiliza aliketi chini sakafuni.

"Nimempeleka mwenyewe," alisema.

Kesho yake walikwenda kwa mkuu wa chuo.

"Chuo hakina utaratibu wa mambo haya," mkuu alisema. "Tuyamalize hapa hapa, mzee wangu. Msimharibie mwenzenu kazi."

Ponsian, kwa mazoea ya kuheshimu walimu, alianza kuitikia. Felicitas akamkatiza.

"Mkuu, mwaka huu Bunge limepitisha sheria ya makosa ya kujamiiana. Nimeisikia redioni. Tunakwenda polisi, na haya uliyosema nitayaeleza huko."

Walikwenda, na mama Paskazia akawa shahidi. Masalu alifungwa. Lakini karatasi za mtihani wa Kokulinda hazikuonekana tena, na chuo kilimtaka arudie mwaka. Alikataa kurudi. Leo anashona nguo Mabatini, na mteja wa kiume akiingia, huacha cherehani akaenda kusimama mlangoni.

Funzo

Wazazi wenzangu, kumheshimu mwalimu si kumkabidhi mtoto na kufumba macho. Nanyi wakuu wa vyuo, andikeni kanuni zenu sasa, mwanafunzi ajue amwendee nani na alindwe vipi akisema, maana sheria ya nchi ilimfunga Masalu lakini haikumrudishia Kokulinda masomo yake. Na binti akisitasita kwenda mahali, muulize kwa nini, kisha ukae umsikilize. Ponsian alimpenda binti yake kuliko kitu chochote, ila siku ile hakumuuliza.