Mume Aliyekwepa Uso wa Mkewe

"Niangalie usoni ninapokusemesha!"

"Si nakuangalia?"

"Unaangalia pembeni! Nyuma yangu kuna nani? Yule muuza vitambaa?"

Mumewe, fundi saa, akayatua macho sikioni kwake. Mwezi mzima yuko hivyo. Juzi wamepishana sokoni bega kwa bega, bwana kapita kama kapita nguzo. Tegua kitendawili hicho: mume wako hajahama nyumba, lakini uso wako kauhama.

Simu ya mume ikalia mezani. Mke akaidaka. Namba haina jina. Akausoma ujumbe kwa sauti:

"Kesho saa tatu. Usikose. Uje na mtu wa kukushika mkono wakati wa kurudi."

"Kushikwa mkono! Mapenzi yameanza upya uzeeni?"

"Nipe simu yangu."

"Sikupi! Tutakutana huko huko!"

Asubuhi akamfuata nyuma nyuma hadi ghorofa ya pili. Hasira hazikumpa nafasi ya kusoma kibao. Akausukuma mlango. Chumba giza, mumewe kaegemeza kidevu, mwanamke kamsogelea, zimebaki pua kugusana.

"Nimewakamata!"

"Funga mlango, dada, mwanga unaniharibia kazi," mwanamke akasema bila kugeuka. "Mimi daktari wa macho. Kati yetu kuna mashine, njoo uipapase."

Akaipapasa. Kweli, mashine.

"Wewe ndiye wa kumshika mkono? Vizuri. Matone niliyomtia yatampa ukungu."

Daktari akawasha taa, akampa mgonjwa karatasi ya mirabaraba.

"Ziba jicho la kushoto. Tazama kitone cha katikati."

"Kitone hakipo. Mistari inajikunja."

"Tangu lini?"

"Mwezi sasa. Niliamka tu, ghafla. Nikadhani lenzi ya kazini imechafuka, nikanunua nyingine."

"Sasa ziba la kulia."

Akaziba, akaisogeza karatasi karibu na pua.

"Hili nalo! Katikati shimo tupu!"

"Hili ndilo lililotangulia kuugua. Kazini hulifumba?"

"Miaka ishirini. Lenzi kulia, kushoto nafumba."

"Ndiyo maana halikukushtua." Akawaonyesha picha. "Hii ni retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Umevimba hapa katikati. Ugonjwa adimu huu, mimi nimewaona watatu tu. La kushoto siwezi kukuahidi. La kulia, tukianza dawa leo, huenda tukaliokoa."

"Mbona hukuniambia?" mke akafoka.

"Ungebaki na fundi saa asiyeona mishale?"

"Mjinga mkubwa wewe! Kwani niliolewa na saa? Mwezi mzima nakulaani! Na hata sasa huniangalii!"

"Nikikutazama usoni, unatoweka. Nikitazama sikio lako la kushoto, nakuona."

Mke akageukia ukutani, akapangusa mashavu kwa kiganja. Walipotoka alimshika mkono kama askari aliyekamata mwizi.

"Polepole, unaniumiza."

"Nyamaza! Kuna ngazi hapo."

Wakashuka ngazi tatu.

"Hilo sikio," akasema, bado kanuna, "kesho nalivalisha hereni kubwa. Ukinipita tena sokoni, shauri yako."